Naomba ushauri: lenzi ya picha za watu, 50mm au 85mm?

Wakuu habari zenu. Nina kamera ya Canon 2000D na ile lenzi ya 18-55mm iliyokuja nayo. Jumamosi nilimpiga binti mmoja picha za mahafali, uani kwao. Uso umetoka vizuri, ila kamba ya nguo nyuma yake nayo imetoka, hadi vibanio unavihesabu. Mama yake akaniuliza, "Hivi mwanangu, hii si kama ya simu tu?" Niliishiwa maneno.

Nilikuwa nimeivuta hadi 55mm, na hapo tundu lake la mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu linafunguka zaidi na nyuma kunafifia). Sasa nasita kati ya 50mm f/1.8 STM na 85mm f/1.8. Sensa ya kamera yangu, yaani kile kibao kinachonasa picha, ni ndogo, kwa hiyo 50 inabana picha kama 80 kwenye kamera ya sensa kubwa, na 85 kama 136. Studio yenyewe ni chumba cha futi kumi kwa kumi. Naogopa 85 itanitoa mlangoni. Bei nazo ni mbingu na ardhi.

Jingine: kwenye f/1.8, fokasi mnaiweka jicho lipi? Mimi huiachia kamera ichague, na mara nyingi inachagua pua.