Mkaa wa vifuu vya nazi unafuka jikoni: tatizo ni joto au malighafi?

pipa200: Wadau, naomba ufafanuzi. Kwenye pipa la lita 200 natia kilo 60 za vifuu vikavu, nawasha, kisha nafunika moshi ukianza kupungua. Napata mkaa kilo 26. Juu mweusi, lakini ukivunja ndani ni kahawia, na jikoni unachoma macho. Nikosoeni.

kemia_ya_kuni: Joto halikutosha, na mizani yako imeshasema: 26 kwa 60 ni asilimia 43. Takwimu za FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) kwa kuni kavu kabisa ni hizi: ukiishia nyuzijoto 300 unabaki na asilimia 42 ya uzito, lakini karibu theluthi ya mkaa huo bado ni gesi na lami zitakazotokea jikoni. Ukifika 500 unabaki na asilimia 33, na gesi hizo zinashuka hadi 13. Kifuu si mti, ila mwenendo ni uleule.

Kifuu, kama mti, kimejengwa hasa na vitu vitatu: hemiselulosi, selulosi na lignini. Hemiselulosi ndiyo hutangulia kuvunjika, takriban nyuzi 220 hadi 315, ikitoa maji, kaboni dioksidi na asidi ile ya siki. Selulosi hufuata, 315 hadi 400, nayo huondoka kwa kishindo. Lignini huenda polepole mno, hata kupita 700, na kifuu kina lignini nyingi. Rangi ya kahawia maana yake umefunika kazi ikiwa katikati.

tanuri_la_pwani: Naongeza upande wa vitendo. Usitazame wingi wa moshi, tazama rangi. Mweupe mzito ni mvuke wa maji. Wa manjano unaokereketa ni asidi na lami. Subiri ubaki mwembamba wa buluu, karibu usionekane, ndipo uzibe matundu ya chini kwa udongo, halafu mfuniko. Ukichelewa sana hewa inakula mkaa wenyewe, unabaki na majivu. Na vunja vifuu vipande vidogo. Vikiwa nusu nusu vinapakatana, hewa haipiti, na katikati ya pipa panabaki pabichi.

pipa200: Ahsanteni. Hizo kilo 26 nizitupe?

tanuri_la_pwani: Hapana! Chagua vipande vya kahawia, viweke chini kabisa kwenye pipa lijalo, pale moto unapoanzia. Usifungue pipa likiwa na uvuguvugu, mkaa utawaka upya. Na kazi yote ifanyike nje, kwa sababu moshi una kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu.