Kamera za miaka ijayo: nihamie mirolesi sasa hivi au nisubiri globo shata ishuke bei?

Lenzi_Kirumba

Habari zenu wakuu. Nipo Mwanza, napiga picha za harusi na send-off huku Ilemela na mjini, na usiku wa giza nikipata nafasi naingia ziwani na wavuvi wa dagaa, hiyo ndo kazi naipenda kuliko zote. Mashine yangu ni Canon 5D Mark IV, toleo la 2016, bado nzima kabisa. Sasa nimejichanga nikasema nihamie mirolesi, hizi kamera zisizo na kioo ndani, ila kila nikifungua video mtandaoni nasikia globo shata, sensa za tabaka (sensa ni kile kipande kinachodaka mwanga), akili mnemba ndani ya kamera, mpaka najiuliza nikitoa hela leo si baada ya muda mfupi nitakuwa nimeshika chuma cha zamani tena?

Shida zangu ni mbili. Kumbi za siku hizi zimejaa taa za LED na ile skrini kubwa nyuma ya maharusi, nikipandisha spidi ya shata, yaani mlango wa mwanga ufunguke muda mfupi zaidi, picha inatoka na mistari, bibi harusi nusu ya uso zambarau nusu kawaida. Ya pili ni huko ziwani. Ukiwa Capri Point, kule kilimani kando ya ziwa, unaona taa za mitumbwi zimejipanga majini unasema kuna mji kule, lakini ukiwa ndani ya mtumbwi unayumba muda wote, huwezi kuacha shata wazi sekunde nzima, nikipandisha ISO (kamera ihisi mwanga zaidi) uso wa mvuvi unajaa chenga. Nataka kujua hiyo teknolojia inayokuja itanitatulia haya au la. Naombeni ushauri.

ngosha_wa_igoma

Kaka hiyo mistari iko hivi, sensa nyingi zinasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, hazisomi yote kwa mpigo. Na LED nyingi za ukumbini haziwaki mfululizo, zinawaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoweza kuona. Mistari ya juu inasomwa taa imewaka, ikifika katikati taa imezima, unapata mkanda. Hata shata ya pazia ya kwenye 5D yako ukienda spidi kubwa inaacha upenyo mwembamba tu unaotembea mbele ya sensa, matokeo ni yale yale.

Globo shata inafungua na kufunga pikseli zote wakati mmoja. Sony A9 III iliyotangazwa Novemba 2023 ndo ya kwanza ya fulufremu (sensa yenye ukubwa wa filamu ya 35mm) kuwa nayo, megapikseli 24.6, picha 120 kwa sekunde, flashi unaweza kuipiga mpaka spidi ya 1/80000 ya sekunde. Mistari inaisha kabisa. Lakini taa yenyewe haijaacha kuwaka na kuzima, kwa hiyo ukipiga mfululizo picha moja inaweza kutoka angavu na inayofuata ikafifia au ikabadilika rangi. Na kitu kingine cha kuangalia sana kwa kazi yako ya ziwani, ISO yake inaanzia 250, maana kila pikseli inabidi iwe na mahali pa kutunzia mwanga wake ikisubiri kusomwa, ile nafasi inakula uwezo wa pikseli na inajaa mapema. Kwenye giza haiwazidi wenzake wa kawaida. Kwa hiyo hiyo mashine inatibu ukumbi, ziwa haitibu.

Na kabla hujatoa hela, 5D Mark IV ina anti-flika (inapunguza athari za taa zinazopepesa) kwenye menyu, iwashe. Umeme wetu ni hezi 50, taa za kawaida zinapepesa mara 100 kwa sekunde, kaa kwenye 1/100 au 1/50 utaona tofauti. Zile skrini zina mapigo yake tofauti, hapo shusha spidi taratibu mpaka mkanda upotee.

dada_wa_video

Nikubaliane na ngosha ila mimi sioni kama globo shata ndo itatufikia sisi kwanza. Kitakachotufikia ni kasi ya kusoma sensa. Sensa ya tabaka maana yake saketi na memori zimebandikwa nyuma ya pikseli badala ya kubanana pembeni, picha inatoka kwenye sensa haraka sana. Nikon Z9 ya 2021 waliondoa kabisa shata ya pazia kwa sababu hiyo, na 2024 wakatoa Z6III yenye nusu tabaka kwa bei ya chini zaidi. Yaani kile cha juu kinashuka ngazi kwa ngazi, na sisi tunaopiga video za harusi tunaona faida moja kwa moja, ukigeuza kamera haraka nguzo za ukumbi hazilali upande.

Watu wanahesabu megapikseli, mimi nasema angalia spidi. Kamera ya kwanza ya dijitali aliyotengeneza Steven Sasson pale Kodak mwaka 1975 ilikuwa na pikseli 100 kwa 100 na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Kilichofungua kila kitu tangu hapo ni kutoa data haraka, kuanzia autofokasi (kamera kulenga yenyewe) inayoshika jicho la mtu anayecheza mpaka kamera kurekodi picha za nusu sekunde kabla hujabonyeza.

mzee_wa_studio

Vijana wangu, hongereni kwa maelezo. Nimeanza enzi za filamu na chumba cha giza, nimefuatilia mambo haya kwa mapenzi makubwa na nimwambie huyu kijana wa ziwani ukweli. Chenga nyingi anazoziona usoni kwa mvuvi hazitoki kwenye ubovu wa sensa. Mwanga unakuja kwa chembe, na chembe zikiwa chache zinaangukia sensa bila mpangilio, pikseli hii imepata nyingi, ya jirani imepata kidogo. Hiyo ni tabia ya mwanga wenyewe. Ukitaka picha iwe safi mara 2 unahitaji mwanga mara 4, na sensa za leo tayari zinadaka sehemu kubwa ya mwanga unaozifikia.

Pale penye upotevu bado ni kwenye rangi. Ule mpangilio wa vichujio vya kijani, nyekundu na bluu alioubuni Bryce Bayer wa Kodak, hataza yake ni ya 1976, kila pikseli inapokea rangi moja na kuzitupa nyingine, karibu theluthi mbili ya mwanga inapotea hapo. Watafiti wanajaribu vinguzo vidogo sana vinavyogawa rangi na kuielekeza kila moja kwenye pikseli yake badala ya kuichuja. Hilo likifanikiwa kwa bei ya watu nitafurahi kwelikweli. Kuna na sensa zinazohesabu chembe za mwanga moja moja, Canon walitoa kamera ya namna hiyo mwaka 2023, MS-500, megapikseli 3.2 tu, ya kulindia bandari na pwani usiku. Kwa picha ya ukutani bado.

Sasa fanya hesabu. Lenzi ya f/4 ukiiacha ukachukua ya f/1.8 (namba ndogo ndo tundu kubwa la mwanga) unapata mwanga karibu mara 5 usiku huo huo, mtumbwi huo huo. Hakuna sensa inayokuja karibuni itakayokupa hicho.

picha_na_habari

Shikamoo mzee. Naongezea upande wa akili mnemba maana mimi kazi yangu ni picha za habari na hili linanigusa. Simu zinapiga fremu nyingi fupi na kuzipanga juu ya nyingine, Google waliitangaza Night Sight 2018, na hiyo ni njia halali kabisa, mwanga unaokusanywa ni wa kweli. Mwenye kamera kubwa naye atafika huko, spidi ya kusoma sensa aliyoisema dada ndo inafungua mlango. Ila kuna programu nyingine zinasafisha chenga kwa kubuni ngozi ambayo haikuwepo. Mvuvi ana makunyanzi ya upepo na jua, anatoka laini kama mtoto. Mimi hapo sikubali hata kidogo, ule uso ni historia ya mtu.

Ndo maana naona maendeleo muhimu kuliko yote ni saini ndani ya faili. Leica M11-P ya 2023 ilikuwa ya kwanza kutoka na cheti cha namna hiyo, kinaonyesha picha imetoka kamera gani na imebadilishwa nini. Bado hakijakomaa, 2025 Nikon walifuta vyeti walivyotoa kwa Z6III baada ya mtu kuonyesha kamera inaweza kusaini picha ambayo haikupigwa nayo. Lakini njia ni hiyo, na ukija kuuza picha zako za ziwani nje ya nchi utaulizwa.

Lenzi_Kirumba

Shikamoo mzee, na asanteni wote, nimesoma mara mbili mbili. Kumbe nilikuwa nasubiri sensa initatulie kitu cha lenzi. Lenzi yangu ya ziwani ni hiyo hiyo f/4 ya zoom. Swali moja, nikinunua 50mm f/1.8 ya mlango wa EF (kishikio cha lenzi cha Canon kama 5D yangu) leo halafu kesho nikahamia mirolesi, itakufa?

ngosha_wa_igoma

Haifi. Mirolesi za Canon R zinapokea lenzi za EF kwa adapta na autofokasi inafanya kazi vizuri, wengi huku tunatumia hivyo. Chukua lenzi sasa, bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ngoja hizi za nusu tabaka zizoeleke na za mitumba zianze kuonekana mjini.

dada_wa_video

Na ukishaipata niambie, nina Canon R6 na adapta, njoo Buzuruga uipime kabla mwezi haujapevuka wavuvi wakapumzika.

mzee_wa_studio

Marahaba wanangu. Kijana, ukiwa mtumbwini kaa upande ambao taa inampiga mvuvi shavuni, usipige ukiitazama taa. Na vaa boya.