Tupeane uzoefu: Hapa Dodoma ulifahamiana na nani bustanini?

Mdigo wa Makole
Wakuu, habari za jioni. Naanza mimi. Nilihamia hapa 2017, serikali ilipokuwa inahamishia watumishi Dodoma. Mama watoto na wanangu walibaki Dar wamalize mwaka wa shule. Asubuhi kazini, jioni natazamana na ukuta wa chumba cha kupanga. Sikuwa namjua mtu.

Jumapili moja nikatoka, nikakaa Nyerere Square kwenye kivuli. Pembeni yangu mzee wa Kigogo, kofia ya kufuma kichwani, anamenya karanga taratibu, maganda anayaweka kwenye mfuko wa shati asichafue. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, halafu akasema, "Huku tunasalimiana mbukwenyi. Hebu sema." Nikasema. Akacheka, akanimiminia karanga kiganjani.

Ikawa kila Jumapili saa kumi tuko pale. Nilipopata nyumba yenye uwanja, yeye ndiye aliyenifundisha mzabibu. Mimi nauonea huruma, yeye ananiambia, "Kata, mwanangu, kata mpaka karibu na shina. Huku unavuna mara mbili kwa mwaka, lakini usipokata utavuna majani." Familia ilikuja 2018, mwaka ule Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji, wakakuta zabibu za kwanza zimeshaiva. Nyie mlikutana na nani?

Picha Chap
Mkuu umenigusa. Mimi napiga picha hapohapo, sanamu ya Mwalimu ndiyo inayosomesha wanangu. Anayefika Dodoma mara ya kwanza lazima asimame pale. Wakati wa Bunge la Bajeti, Aprili mpaka Juni, wageni hawaishi. Ukifika upepo wa Julai, printa naifunika na kanga, vumbi linaingia kila mahali.

Kuna mama wa Kondoa alikuja na kijana wake anaanza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Kijana kabeba ndoo na godoro, mama hataki aviweke chini, nikawapiga picha hivyohivyo. Baada ya miaka mitatu wakarudi, kijana na joho, mama ananiuliza, "Unatukumbuka?" Nilikuwa nayo bado ile ya kwanza. Nikawatolea nakala bure. Mama alilia, na mimi machozi yalinitoka.

Mama Mapacha
Jumamosi huwa nawapeleka mapacha wangu bustani ya Chinangali. Wangu mmoja alianguka, goti likachubuka, nikawa nahangaika na mwingine. Dada nisiyemjua akaja na chupa ya maji, akamwosha, akambembeleza. Leo tunapokezana: Jumamosi hii anawasimamia wote yeye, ijayo mimi. Ndiye aliyenipokea hospitali nilipojifungua wa tatu.

Mzawa wa Chang'ombe
Nafurahi kusoma haya, ila niseme linaloniuma. Kuna bustani moja, sitaitaja, miti mikubwa ilikatwa kupisha zege na viti vikawekwa juani. Saa saba mchana kiti kinaunguza. Watu wanapita tu. Utafahamiana vipi na mwenzako kama hata dakika tano hakai?

Na mji wetu si wa kukata mti leo ukapata mwingine kesho. Mvua za mwaka mzima hazifiki hata milimita 600, zinaanza mwishoni mwa mwaka, Aprili zimekwisha, Mei mpaka Novemba ni ukavu. Vijana wa mtaa wetu tulipanda miarobaini mitano kwenye eneo la wazi. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunamwagilia kwa zamu, ndoo moja kila mti, maji ya kuogea na ya kufulia. Mbuzi walikula miwili. Hiyo mitatu tukaizungushia miiba ya mgunga, imeshika. Sasa wazee wameleta bao chini yake, na kuna mama anauza kahawa na kashata. Pale ndipo nilipomjua jirani yangu wa nyumba ya tatu, tumeishi mtaa mmoja miaka sita bila kujuana majina.

Mdigo wa Makole
Mzawa, hiyo miiba ya mgunga nimeichukua, tuna kieneo huku kinaliwa na mbuzi kila msimu.

Walioniuliza kuhusu mzee: yupo, ila miguu haimfikishi tena mjini. Namfuata kwake Jumapili, saa ileile. Siku hizi karanga nabeba mimi, na kumenya namenya mimi.

Wa Singida, Manyoni na Kondoa mjini mbona kimya? Huko mnakaa wapi jioni?