Kupiga picha mitaa ya Kariakoo na Uhindini kabla haijabadilika: nianzie wapi, nirekodi nini?

MwanaIlala

Wakuu, habari za leo.

Nataka kupiga picha mitaa ya katikati ya Dar es Salaam jinsi ilivyo siku za kawaida: Uhuru, Msimbazi, Lumumba, Samora, Jamhuri na vichochoro vyake. Nyumba za Kiswahili zilizobaki Kariakoo, maghorofa ya zamani ya Uhindini, daladala, mikokoteni, bajaji, fremu za maduka. Lengo langu ni kwamba mtu akizifungua picha hizi miaka thelathini ijayo aweze kusema: hapa ni mahali fulani, mwaka fulani, na hiki kilikuwa kitu fulani.

Vifaa nilivyo navyo ni simu yenye lenzi mbili na kamera yenye lenzi ya milimita 18-55. Majengo yananitokea yameegemea nyuma kama yanataka kuanguka, na mchana nusu ya mtaa inakuwa nyeusi tii. Mwenye uzoefu anieleze saa za kupiga, nini kisikose kwenye picha, na namna ya kujua umri wa jengo au gari.

---

LenziYaPwani

Mkuu, anza na jua, maana ndilo litakalokupangia ratiba ya mwaka mzima.

Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linahama upande. Juni saa sita mchana liko kaskazini yako, Desemba liko kusini. Ukuta unaotazama kusini kabisa haupati jua la moja kwa moja tangu mwishoni mwa Machi hadi karibu na mwisho wa Septemba. Unaotazama kaskazini nao unalikosa kuanzia karibu tarehe 10 Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi. Watu wanarudi kwenye jengo lilelile mara tano wakidhani wamekosea saa, kumbe wamekosea mwezi. Simama mgongo ukiwa ukutani, fungua dira ya simu, andika uso wa jengo unatazama nyuzi ngapi. Fanya hivyo kwa kila jengo kwenye orodha yako kabla hujapiga hata picha moja.

Samora inakwenda sambamba na bandari, kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki. Majengo ya upande wa bandari yanatazama ndani ya mji, hivyo yapige jioni, saa kumi na nusu mpaka saa kumi na mbili kasoro. Ya upande wa pili ni ya asubuhi, saa moja mpaka saa mbili na nusu. Asubuhi ina faida nyingine: milango ya maduka bado imefungwa na bidhaa hazijamwagwa nje, kwa hiyo unaona nguzo, ngazi na sakafu ya baraza. Halafu rudi saa tano upige palepale mtaa ukiwa umejaa. Hizo ni picha mbili tofauti na zote zinahitajika.

Jengo linaegemea nyuma kwa sababu umeinua simu juu. Washa mistari ya gridi, shika simu wima, na usiinamishe hata kidogo. Kwa lenzi ya kawaida ya simu (sawa na milimita 24), ukisimama mita 14 kutoka ukutani na simu ikiwa imenyooka, unafikia urefu wa mita 11 hivi. Nusu ya chini ya picha itakuwa lami tupu. Iache, utaikata baadaye. Jengo likiwa refu zaidi, omba kupanda ghorofa ya kwanza au ya pili ya nyumba ya ng'ambo. Ukiwa usawa wa katikati ya jengo, mistari inanyooka yenyewe. Ile lenzi pana ya 0.5 usiitegemee kwa majengo, inavuta kona na kulainisha maandishi ya pembeni. Kunyoosha kwa programu kama Snapseed kunasaidia mwinamo mdogo tu. Ukikuzidisha, madirisha ya juu yanarefuka na jengo linapoteza vipimo vyake.

Kuhusu weusi wa mchana: gusa skrini kwenye kivuli cha baraza, kisha shusha mwanga kidogo mpaka ukuta mweupe wa juani uonyeshe tena nyufa zake. Kwenye kamera, f/8, ISO 100 au 200, fidia ya mwanga -0.7, na piga kwa RAW (faili ghafi la kamera) ili uinue vivuli baadaye. Au subiri wingu. Mwezi wa Aprili kati ya mvua na mvua, mwanga ni laini kutwa na vumbi limeoshwa ukutani.

---

KituoChaMwisho

Mimi nichangie upande wa magari, maana wengi wanapiga daladala kama pambo la barabara.

Daladala moja inahitaji picha nne. Ya kwanza mbele kidogo pembeni, upande wa mlango, ikionyesha bango la ruti na mstari wa rangi kwa pamoja. Ya pili ubavu mzima, ukiwa umesimama mbali na kuvuta kwa 55, si kuikaribia. Ya tatu nyuma, pale kwenye maandishi. Ya nne mlangoni: stika za leseni, idadi ya abiria, jina la mmiliki au simu kama vimeandikwa. Coaster nyingi zilizoletwa zikiwa zimetumika bado zina maandishi ya Kijapani ubavuni chini ya rangi mpya. Mwanga wa pembeni wa jioni unayatoa vizuri, hata kama yamepakwa.

Stika peke yake inakupa umri. Ya SUMATRA, mamlaka ya zamani ya usafiri, ni ya kabla ya LATRA iliyoirithi kuanzishwa 2019. Namba nazo: mfumo wa sasa wa T, tarakimu tatu na herufi tatu unapanda kwa alfabeti, kwa hiyo gari la herufi A limetangulia la D kwa miaka mingi. Yenye kibao cheupe ni ya biashara, ya njano ni ya mtu binafsi. Ukiona kwenye picha ya zamani namba inayoanza na TZ, huo ni mfumo wa kabla ya huu. Kwa hiyo ukiwa na namba unajua gari la mwaka gani.

Andika pia aina kwa jina ambalo watu walilitumia: kipanya kwa Hiace, DCM, Coaster, Eicher. Ikarus ndefu ya UDA (shirika la mabasi ya Dar) iliyounganishwa katikati ilikuwa kumbakumba, na pikapu za abiria za miaka ya 1980 zilikuwa chai maharage. Mtu akija kutafuta kwenye kumbukumbu atatafuta kwa majina hayo.

---

RamaniNaMajina

KituoChaMwisho, hapo kwenye namba rekebisha kidogo mkuu. Namba inasema gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haisemi lilitengenezwa lini. Coaster ya 1998 inaweza kuwa na herufi D kwa sababu iliingia nchini baadaye sana. Kwa upande wa picha hilo bado lina faida kubwa: picha haiwezi kuwa ya kabla ya namba iliyomo ndani yake. Umri wa gari lenyewe utafute kwenye taa, grili na umbo la bodi.

Sasa majengo. Uhindini, tazama juu kabla hujatazama mlango. Maghorofa mengi ya wafanyabiashara wa Kihindi yana mwaka, na mara nyingine jina la familia au la jengo, vimechongwa kwa plasta kwenye ukingo wa paa. Piga uso mzima kwanza, halafu vuta kwenye maandishi tu. Pale herufi zimepakwa chokaa mara nyingi hadi zimejaa, subiri jua liteleze juu ya ukuta kwa pembeni. Saa sita mchana, jua likiwa karibu utosini, kivuli kidogo chini ya kila tarakimu kinazisomesha kuliko jua la usoni. Ukikuta mwaka umekaa katikati ya ukuta badala ya ukingoni, kuna ghorofa zimeongezwa juu yake. Linganisha madirisha ya juu na ya chini na unene wa vibaraza, utaona mshono ulipo.

Nyumba ya Kiswahili haisomeki kwa uso pekee. Ina korido katikati, vyumba pande mbili, na uani ndiko liliko jiko na choo. Ukiruhusiwa, simama mlangoni upige korido nzima hadi mwanga wa uani, kisha geuka upige mtaa ukiwa mlango uleule. Paa la bati lenye migongo minne lipige kutoka ghorofa ya jirani, kwa sababu likibomolewa ndicho kitu cha kwanza kusahaulika.

Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli miaka ya 1970, lina paa la miavuli ya zege. Liliungua Julai 2021, kwa hiyo kwenye maelezo ya kila picha yake sema wazi ni kabla au baada ya moto.

Kwa majina ya mitaa, weka la sasa na la zamani pamoja. Uhuru ilikuwa Kichwele. Lumumba ilikuwa New Street. Samora ilikuwa Independence, na kabla ya hapo Acacia. Barabara ya Nyerere ilikuwa Pugu Road. Piga pia kile kibao cha namba ya nyumba kilichobandikwa kwenye zoezi la anwani za makazi la 2022. Kinakupa mtaa na namba kwa sekunde moja.

Kuna na rangi za kuta. Kampuni za simu zinapaka maduka, na rangi zinabadilika kwa tarehe zinazojulikana: Celtel ikawa Zain 2008, Zain ikawa Airtel 2010, Tigo ikawa Yas mwishoni mwa 2024. Usikwepe fremu iliyopakwa matangazo ukidhani inaharibu picha. Hiyo ndiyo itakayomwambia mtu mwaka.

---

MwanaIlala

Asanteni sana, hii ya dira na mwezi sikuwa nimeifikiria kabisa. Mawili yamebaki. Moja, nitarudiaje picha za kale ili ya leo ilingane? Pili, walinzi na ruhusa.

---

RamaniNaMajina

Za kale ziko nyingi. Picha za Walther Dobbertin, mpiga picha Mjerumani, za enzi ya Wajerumani ziko kwenye Wikimedia Commons kutoka hifadhi ya taifa ya Ujerumani. Ila kwanza hakikisha umri wake kwa vilivyomo. Pale ilipo sanamu ya Askari, iliyowekwa 1927, zamani palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambayo Waingereza waliiondoa walipouteka mji 1916. Sanamu gani ipo, au hakuna, inakuonyesha kipindi.

Kulinganisha, tafuta kitu cha karibu na cha mbali vinavyogusana kwenye picha ya zamani, kwa mfano kona ya paa na mnara nyuma yake. Kama kona inafunika mnara zaidi kuliko kwenye ya zamani, umesimama kando kwa mita kadhaa. Sogea kulia au kushoto mpaka viguse vilevile. Ukishapata mstari huo, tafuta wa pili. Pale mistari miwili inapokutana ndipo alipokuwa mpiga picha. Hapo ndipo ushughulike na kuvuta. Wengi wanaanza kwa kuvuta lenzi na hawafiki popote, maana kuvuta hakubadilishi nini kinafunika nini.

---

DadaWaKumbukumbu

Kuhusu ruhusa: Ikulu, jeshi, polisi, bandari na kivuko usipige, hata kama unachotaka ni jengo la jirani. Sokoine Drive uwe mwangalifu sana na uelekeo wa lenzi. Droni ni mpaka kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Mitaani Kariakoo, nenda ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe kwa mtendaji, ueleze mitaa na siku, uombe barua yenye muhuri. Kwa nyumba ya mtu, hodi na salamu kwanza, kamera ikiwa ndani ya mkoba. Akina mama wa barazani ndio wanaojua nani alijenga, nani alipanga chumba kipi. Uliza, andika, na uwapelekee picha iliyosafishwa.

Nyuso za watu na namba za magari binafsi zifunike unapoweka mtandaoni, lakini nakala ya asili ibaki kamili.

Kuhifadhi: WhatsApp inapunguza picha na kufuta tarehe na lokesheni iliyomo, kwa hiyo tuma kama faili. Jina la faili lianze na tarehe kwa mtindo wa mwaka-mwezi-siku, kisha mtaa, kona na upande uliotazama: 2025-06-14_Msimbazi-Aggrey_kaskazini_01. Maelezo marefu yaandike ndani ya picha yenyewe kwa programu kama digiKam, ambayo ni ya bure. Yakiwa kwenye daftari pembeni yatapotea. Nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine. Na unyevu na joto la Pwani vinaotesha kuvu kwenye lenzi: weka boksi linalofunga na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, visivyokuwa vimelowa.

---

KituoChaMwisho

LenziYaPwani amegusa mipangilio ya kamera kwa majengo tu, nimalizie kasi ya shata kwa magari. Gari linalopita, sekunde 1/500. Basi la mwendokasi lenye bango la taa mbele, ukitumia 1/500 herufi zinakatika au bango linatoka tupu, kwa sababu taa zile zinawaka na kuzima haraka. Shuka hadi 1/60 au 1/125 na ulipige likiwa limesimama kituoni, piga tano mfululizo. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya mkoba dakika 15 hadi 20, vinginevyo lenzi inaingia ukungu na basi linaondoka.