Maziwa ya njano yanatoka matone tu, mtoto anashiba kweli?

Mama_Kichanga:
Habari zenu wapendwa, naombeni msaada kwa wenye uzoefu. Nimejifungua juzi usiku kwa opareshen, mtoto wa kwanza, kilo 3.1. Shida yangu ni maziwa, yaani nikikamua yanatoka matone mawili matatu, mazito ya njano yananata kama gundi, halafu basi. Mtoto ananyonya kidogo anasinzia, saa moja haijaisha kaamka analia tena. Kila anayekuja kuniona ana lake, mmoja anasema hayo ya njano ni machafu yamelala kwenye titi muda mrefu nikamue nimwage nisubiri meupe, mwingine kaja na kopo la maziwa ya unga kabisa. Kidonda kinauma, nimebaki nalia tu. Hivi hayo matone yanamsaidia nini mtoto??

Mkunga_wa_zamu:
Hongera sana mama. Usimwage hata tone! Hiyo ndo dang'a, na wala haijalala popote, mwili wako ulianza kuitengeneza tangu mimba ikiwa katikati. Unjano ni karotini, ile ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Halafu humo ndani kuna kinga nyingi kuliko maziwa utakayokuwa nayo mwezi ujao, kuna antibodi ambazo zinapaka utumbo wa mtoto kwa ndani ili vijidudu visipate pa kushika, na chembe nyeupe za damu zikiwa hai. Hakuna kopo lenye hivyo vitu.

Kuhusu uchache, siku ya kwanza mtoto anameza kama kijiko kimoja cha chai kwa mnyonyo mmoja, mara nyingi hata chini ya hapo. Na kunyonya mara 8 hadi 12 kwa masaa 24 ni kawaida, kwa hiyo kuamka kila saa siyo ushahidi wa njaa. Kingine watu hawakisemi, dang'a inasukuma kile choo cheusi kama lami. Choo hicho kikikaa sana tumboni, ile rangi inayoleta umanjano inafyonzwa tena kurudi kwenye damu, ndo unaona mtoto anazidi kuwa wa njano.

mama wawili:
pole mdogo wangu nimepita humohumo, na mimi wa kwanza alikuwa wa kisu. Nilipewa chupa nikampa, akalala masaa manne nikaona raha kweli, kumbe matiti yanatengeneza kwa kadiri yanavyonyonywa, mtoto asiponyonya mwili unadhani kazi hakuna. Yangu yalikuja kujaa siku ya tano na mtoto keshazoea chupa anagoma titi, tulihangaika wiki nzima. Wa pili nikafanya hivi: naosha mikono, vidole viwili nyuma ya ile sehemu nyeusi, nabonyeza kurudi kifuani kwanza ndo nakutanisha vidole, USIVUTE CHUCHU, mwingine anakinga kijiko kisafi. Nusu kijiko ilichukua dakika 15 jamani lakini ilipatikana, analambishwa pole pole halafu narudi kumweka titini. Kwa ajili ya kidonda mweke ubavuni kwapani kwako miguu yake ielekee mgongoni, hatakupiga teke kwenye mshono

BabaMlezi:
Shemeji huyo mwenye kopo mwambie asante, mpe mtoto abembeleze wewe ulale nusu saa 😄 Ndo msaada unaotakiwa hapo.

Mama_Kichanga:
Asanteni mno. Sasa nitajuaje kama kweli anapata? maana titi halina alama kama chupa

Mkunga_wa_zamu:
Hesabu pampasi. Leo siku ya pili akojoe angalau mara 2, kesho 3, akifika siku ya tano ziwe 6 au zaidi, na choo kiwe kimeshahama kutoka cheusi kwenda kijani mpaka njano. Angalia pia mdomo ukiwa kwenye titi, uwe umepanuka, mdomo wa chini umepinduka nje na kidevu kimegusa titi, ukisikia maumivu makali mtoe umweke upya. Kupungua uzito siku hizi za mwanzo kupo. Ila ikivuka asilimia 10, au analala haamshiki kunyonya, hakojoi, ana joto, au unjano umeshuka hadi miguuni, usisubiri ushauri wa humu, ita nesi sasa hivi. Hapo daktari akisema aongezewe maziwa aongezewe, wala si dhambi, tunachokataa ni kopo la woga. Maziwa mengi kwa kawaida yanajaa kati ya siku ya 2 na ya 4, kwa opareshen yanaweza kuchelewa kidogo.

Na ukisikia tumbo linakaza wakati ananyonya usishtuke, kizazi kinarudi, inasaidia kupunguza damu kutoka.

Mama_Kichanga:
Kumbe ndo maana linakaza, nilidhani mshono umeachia!! Nimemweka kwapani kama dada alivyosema, kweli haumi. Tumekamua, haijafika hata nusu kijiko, kalamba yote akawa anautafuta ulimi wake mwenyewe. Pampasi ya pili tumebadilisha saa hii, imelowa. Kopo limerudi na mwenyewe.

mama wawili:
😂😂 kesho tuletee hesabu ya pampasi