Msaada wa probabiliti: mashine ya kupima uongo, mbona sipati jibu la kitabu?

Kijana wa Kitonga
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Kuna watu 100 wamepimwa na mashine ya kupima uongo. Waliodanganya ni 40, mashine ikakamata 34 na 6 wakapenya. Waliosema kweli ni 60 ila mashine ikawaita 9 kati yao waongo, 51 ikawaacha. Sasa ukichukua mtu mmoja ambaye mashine imesema ni muongo, probabiliti ya kwamba kweli alidanganya ni ngapi? Mimi napata 34/40 yaani 0.85, kitabu kinasema 0.79, nimerudia mpaka nimechoka, kitabu kimekosea au?

Mama Hesabu
Kitabu kiko sawa mdogo wangu. Swali limeshakuweka kwa wale walioitwa waongo na mashine, nao ni 34 + 9 = 43, wengine wote achana nao. 34/43 = 0.79. Hiyo 0.85 yako inajibu kitu kingine, yaani mtu akidanganya mashine itamnasa kwa kiasi gani. Na wakiuliza "alidanganya au ameitwa muongo" usijumlishe tu 40 na 43, wale 34 wako kote kote, toa mara moja inabaki 49, jibu 0.49.

Ngariba wa Takwimu
Hapo ndo watu wanaumizwa kweli. Mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti yenye mfano wa wafanyakazi 10,000, majasusi wakiwa 10 tu. Ukiiseti mashine inase 8 kati ya hao 10, inaangusha na wasio na hatia karibu 1,600! Gawa 8 kwa 1,600 na kitu, ni kama asilimia 0.5, yaani katika kila watu 200 walioangushwa jasusi ni mmoja, hao wengine wanaharibiwa kazi bure. Na bado wawili wamepita. Aldrich Ames wa CIA alipimwa 1986 na 1991 akapita zote huku anawauzia siri Wasovieti, kaja kukamatwa 1994.

Kijana wa Kitonga
Aisee asanteni sana, kumbe kwangu imetoka juu sababu waongo ni wengi, 40 kwa 100. Wakichaguliwa wawili bila kurudisha, wote wawe wameitwa waongo, ni 43/100 × 42/99?

Mama Hesabu
Ndiyo, kama 0.18. Andika hatua zote, maksi ziko huko.