Opereta wa kijiko: nibaki deiwaka Dar au niende Dodoma kwa 1,200,000?

KijikoMbagala

Habari za majukumu wakuu. Mimi ni opereta wa eskaveta, cheti cha VETA Kihonda, naendesha PC200 ya mzee mmoja hapa Dar. Ananilipa 45,000 kwa siku mtambo ukifanya kazi. Mtambo ukilala, na mimi nalala. Kiangazi sina neno: misingi ya maghorofa, mitaro, mashimo ya maji taka, kazi zinafuatana mpaka Jumapili. Kasheshe ni masika. Mvua zikishika kuanzia Machi saiti zinageuka bwawa, kijiko kinapaki Kongowe, mimi nabaki nyumbani nahesabu mabati. Hapo bado hosi ya haidroliki haijapasuka.

Sasa kampuni moja ya barabara imeniita Dodoma. 1,200,000 kwa mwezi, mkataba miaka miwili, saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi, chakula cha mchana kipo, nyumba najitegemea. Hapa nimepanga chumba na sebule 100,000. Mke ana meza ya samaki Rangi Tatu, na miezi ya mvua hiyo meza ndiyo inayotulisha, tusidanganyane. Watoto wawili, mkubwa yuko darasa la sita. Mama watoto anasema Dodoma hakuna bahari, atauza nini? Mlioko huko, hiyo hela inatosha?

Deiwaka_Tegeta

Mkuu, milioni na laki mbili bado unauliza? Panda treni. Halafu opereta ana dizeli bwana, hajawahi kufa njaa 😂

BabuGreda

Huyo wa dizeli usimsikilize. Mitambo ya sasa ofisini wanaona injini imewaka saa ngapi na imekula lita ngapi. Nimeshuhudia kijana anatoka saiti na polisi kwa kuiba madumu mawili ya dizeli.

Mwanangu, umeuliza maisha ya Dodoma, mimi nakurudisha nyuma kidogo: hiyo 1,200,000 ni nini? Nimezeekea kwenye greda, mikataba ya hivyo naijua kwa harufu. Shika kalamu. NSSF wanakata 10% yako, 120,000. Inabaki 1,080,000, na hiyo ndiyo inayokatwa kodi: milioni ya kwanza ina kodi ya 128,000, zile 80,000 za juu zinakatwa 30%, yaani 24,000. Kodi jumla 152,000. Mkononi unashika 928,000. Hiyo ndiyo ya kumtajia mkeo. Mwezi wa kiangazi uliojaa, siku 26 kwa 45,000, ni 1,170,000 bila makato, kwa hiyo usidhani unakimbilia utajiri. Unachonunua Dodoma ni mwezi wa Aprili wenye mshahara, pamoja na 10% nyingine ya NSSF anayoweka mwajiri, na fidia ya WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) ukiumia. Kijiko kikipinduka mtaroni leo, mzee wako atakuletea soda hospitali.

Sasa masaa, hapa ndipo wanapotuchezea. Saa 1 hadi saa 12 ni saa 11, toa moja ya kula, zimebaki 10. Mara siku sita, 60 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema wiki ya kawaida mwisho saa 45. Hizo 15 ni ovataimu, zinalipwa mara moja na nusu. Na ovataimu yenyewe haitakiwi kupita saa 50 ndani ya wiki nne, wao wamekupangia 15 mara wiki nne, yaani 60, tangu siku ya kwanza!

Kama 1,200,000 ni mshahara wa msingi, saa yako ni kama 6,150 na ya ovataimu ni kama 9,200. Kwa wiki nne unadai zaidi ya 550,000 juu ya mshahara. Kama ni "jumla ya vyote", wamekununua kwa bei ya kutupa. Mambo mawili tofauti kabisa, na tarakimu ni ileile. Dai barua inayoandika msingi peke yake na ovataimu peke yake. Wakisema "tutaelewana saiti", hamtaelewana.

MamaNzuguni

Nikujibu ya nyumbani shemeji. Serikali ilipohamia huku kodi zilipanda, lakini usiangalie Area C wala Ilazo, huko wamejaa wa ofisini. Nzuguni na Ihumwa chumba na sebule utapata kwa 100,000 hadi 150,000. Kabla hujatoa hela uliza maji yanatoka siku gani na kama kuna tangi, maana mtaa mwingine utanunua ya boza mpaka ukonde. Unga si tatizo, mahindi ya Kibaigwa yako karibu. Samaki ndiyo bei juu, na ndiyo maana namwambia wifi asikate tamaa: dagaa na samaki wakavu huku wanunuzi wapo. Ila aje kwanza aone, asije na meza kichwani. Treni ya SGR ya kawaida ni 31,000 kutoka Dar.

Wa darasa la sita mwacheni amalizie mwaka hukohuko.

KijikoMbagala

Asanteni sana. Babu, nimempigia afisa utumishi wao. Kauliza mara mbili nimesema nini, halafu akasema "ni jumla". Nikamwomba aandike msingi ni shilingi ngapi, kasema atanijibu Jumatatu. Mke amekubali nitangulie peke yangu miezi mitatu, yeye abaki na samaki wake.

BabuGreda

Akichomoka na msingi wa laki sita, mwambie asante, urudi Kongowe. Akipandisha msingi hadi milioni, nenda. Na ukifika, kabla ya kusaini, kaa na maopereta jioni kwa mama ntilie uwaulize mshahara wa mwezi uliopita uliingia tarehe ngapi.

Deiwaka_Tegeta

Mkuu, ukiondoka hiyo PC200 anashika nani? Nina cheti pia.